Paka Alitajiwa Maradhi Yake

Bwana mifugo alikuja kwetu Wingwi kwa ajili ya ng'ombe wa mama mkwe wangu, ng'ombe aliyekataa majani. Alipomaliza na ng'ombe, akawa ananawa mikono kwenye ndoo, nikatoka na pakacha nikamwekea miguuni. Ndani mlikuwa na paka.

"Huyu naye kakataa majani?" akauliza, akicheka.

"Mtazame tumboni."

Akampindua. Akakibonyeza kile kivimbe kwenye chuchu ya nyuma, kigumu kama kungumanga, paka akalia mlio ambao sikuwahi kuusikia kwake. Bwana mifugo akamwachia, akarudisha mikono yake ndooni.

"Saratani," akasema, kama mtu anayetaja bei ya samaki. "Saratani ya maziwa. Majike yakizeeka inayapata sana."

Nilikaa chini palepale mchangani. Watu walidhani ni kwa ajili ya paka. Nilikaa kwa sababu ya wepesi wa lile neno. Mama yangu alikufa kwa maradhi hayohayo, mahali hapohapo mwilini, na tangu yalipoanza mpaka anafukiwa hakutokea hata mtu mmoja wa kumtajia jina lake. Paka wake alitajiwa kabla mtu hajakausha mikono.

Kwa sababu huyu paka alikuwa wa mama. Alikuja kwetu akiwa kitoto cha kuokotwa, mimi nikiwa bado nasoma skuli ya msingi, na mama, ambaye hakuwa mtu wa kubembeleza hata wanawe, alimlaza kwenye mkunjo wa kanga yake kama mtu aliyepewa amana. Mama alipokufa nilimchukua. Nilipoolewa nilikwenda naye, ndani ya kapu, na mawifi zangu wakapiga vigelegele vya kejeli mlangoni: "Kaka kaoa wake wawili siku moja! Mmoja ana masharubu!" Nikacheka na mimi. Nilikuwa sina mtu mwengine wa kwetu wa kuingia naye nyumba ile.

Mama alianza kuumwa nikiwa kidato cha pili. Walisema jipu. Walisema maziwa yaligandia tangu kuninyonyesha mimi, kitinda mimba, kana kwamba maziwa yanaweza kuganda muda wote huo na mtu asijue. Walisema kijicho, akaandikiwa kombe, akanywa aya zilizoandikwa kwa zafarani mpaka meno yakageuka manjano. Hospitalini walimwita baba pembeni wakamwambia. Baba akawaambia ndugu zake. Ndugu zake wakawaambia wake zao. Mji mzima ulijua, ila mwenye ziwa.

"Msimwambie," walisema, "atakufa kwa hofu."

Hakufa kwa hofu. Alikufa kwa ziwa.

Na kidonda kilipofunguka, shangazi zangu wakaanza kufukiza udi mchana. Kwetu udi ni wa jioni, wa mgeni, wa harusi, wa Ijumaa. Ukiusikia udi saa za kupika, siku nenda siku rudi, jua kuna harufu inafichwa. Mpaka leo mtu akipita mbele yangu ananukia udi, mwenzangu anasema mashallah, mimi naziba pua.

Basi siku ile mchangani nilitaka jambo moja tu. Sikutaka apone, mimi si mjinga, paka alikuwa kikongwe, macho yameshaingia ukungu. Nilitaka asife kama mama.

"Unaweza kummaliza?" nikamuuliza bwana mifugo.

"Kumuua? Paka mie simuui. Tafuta mwengine." Akafunga mkoba. "Ila ya maumivu ninayo. Likipasuka, mwoshe kwa maji ya chumvi ya vuguvugu, na mniite nije nimpige sindano. Asiteseke bure."

Mkwe wangu alikuwa amesimama kando, kashika kamba ya ng'ombe. Alikuwa anakitazama kile kivimbe jinsi mtu anavyomtazama mtu anayemjua.

Huyu mkwe wangu lazima nimweleze, msije mkadhani namsingizia. Si mtu mbaya. Ni muosha maiti. Mwanamke akifa upande wetu huu, yeye ndiye anayeitwa. Ana mikono mizito, maneno machache, na mimi tangu nimefika kwake alikuwa na tabia moja niliyoichukia. Nilipokuwa namnyonyesha binti yangu alikuwa anakuja kukaa mbele yangu, anatazama, halafu anauliza, "Ziwa haliumi?" Kila siku. "Ziwa haliumi, mwanangu? Halina kitu kigumu?" Nikawa najifunika. Nikamwambia mume wangu, mamako hana haya. Mume wangu akasema wazee ndivyo walivyo.

Jioni ile ile mkwe akanijia jikoni, akakaa kwenye kibao cha mbuzi ya kukunia nazi.

"Paka umwache," akasema.

"Nimwache vipi?"

"Usimtie dawa. Usimwoshe. Lile si lake. Lilikuwa linakuja nyumbani humu, yeye kalipokea. Hiyo kafara, mwanangu. Ukimtibu unalirudisha, na likirudi halitamtafuta yeye tena." Akamtazama binti yangu, aliyekuwa anachezea vifuu vya nazi. Akanitazama na mimi.

"Mama, bwana mifugo kasema saratani. Hairuki kwa mtu kama funza."

"Usilitaje!"

"Saratani."

"Astaghfirullah! Usilitaje ndani ya nyumba yangu, nnakwambia. Ntu akiliita linaitika."

Nikamwendea mume wangu. Alikuwa anatengeneza baiskeli yake. Nikamweleza, akasema, "Msikilize Mama, yaishe." Nikamwambia hiyo sentensi nimeshaisikia kwa baba, ilimuua mtu. Akaendelea kufunga nati. Wanaume wa huku ukitaka wasikusikie, wape nati.

Bwana mifugo alikuwa anakuja kwa ng'ombe wa mkwe, na mkwe ndiye aliyekuwa na namba yake. Kwa hiyo sindano ikawa mkononi mwake. Mimi nikabaki na maji ya chumvi, na hayo nayo kwa kujificha, kama mwizi, mkwe akienda shamba.

Kivimbe kilikua. Kikavuta chuchu ya pembeni yake. Paka akaacha kulala kwenye jamvi la karafuu, mahali pake pa siku zote ambapo mtu akimfukuza anarudi na punje zimemganda manyoyani, akawa analala kwenye banda la kuni, kwenye udongo mtupu, kwa sababu udongo una ubaridi. Nikampelekea dagaa waliopondwa. Alikuwa anawanusa, halafu ananitazama kwa adabu, kama mgeni aliyeshiba. Mama naye alifanya vilevile na uji. Alisema, "Wekeni, nitakula," na tukaweka, na tukaondoa.

Halafu kikapasuka.

Sitaeleza sana. Wanaojua wanajua, na wasiojua Mungu awaepushe. Nzi walijua kabla yangu. Alikuwa anajilamba palepale penye kidonda, analia, anajilamba tena. Binti yangu akaniuliza kwa nini paka anajila. Nikamshika mkono nikampeleka ndani.

Kesho yake nilikuwa kisimani. Narudi, ndoo kichwani, nafika uwani, pua yangu ikakamata udi.

Mchana. Jua la utosi. Mkwe wangu alikuwa kaweka chetezo mbele ya banda la kuni, makaa yanawaka, moshi unaingia ndani alikolala paka. Kajifunga kanga puani.

Sijui ndoo niliitua vipi. Najua maji yalinimwagikia yote. Nikakipiga chetezo teke. Kikapasuka kwenye kizingiti, makaa yakatawanyika, kuku wakakimbia. Binti yangu akaanza kulia.

"Unafukiza nini?" nikapiga kelele. "Unafukiza nini, Mama? Harufu gani hiyo unayoificha? Mwambie mjukuu wako ni harufu gani!"

"Punguza sauti. Majirani."

"Majirani walijua mama yangu anaoza, na mama mwenyewe hajui! Leo unataka nipunguze sauti kwa ajili ya majirani? Huwezi kumfukizia udi mtu anayeoza ukasema umemsitiri. Wewe hukuwepo. Hukuiona ile hali. Usiniletee udi wako hapa!"

Akavua kanga puani. Majivu yalikuwa yamemganda nyusini.

"Nilikuwepo," akasema.

"Wapi?"

"Mie ndiye niliyemwosha mamako."

Nilikuwa silijui hilo. Siku ile waliniweka chumba cha nyuma na watoto, na muosha hatangazwi. Anaingia, anaosha, anatoka, na alichokiona kwenye mwili wa maiti anaondoka nacho. Hakisemi kwa mumewe, hakisemi kwa watoto wa maiti. Kila aliyesoma chuo cha Kurani anafahamu hili: siri ya maiti ni amana ya muosha, na anayeitoa ole wake.

"Nililiona," akasema. "Upande mzima. Nimeosha wengi, sijaosha lile. Niliweka pamba na pamba ikawa haitoshi. Na nilipotoka nikakuona wewe mlangoni mwa chumba cha nyuma, kisichana, una kifua chembamba, nikasema, Mola wangu, na huyu. Mwanangu alipokutaja miaka ile kuwa anataka kukuoa, nilitaka kukataa. Sikukataa. Nikasema nitakuwa nakutazama mwenyewe."

Ziwa haliumi, mwanangu? Halina kitu kigumu?

Miaka yote ile. Nilidhani ni utovu wa haya.

Mtu mwengine pengine angemkumbatia. Mimi hasira zilinipanda upya. Alijua. Alikaa mbele yangu nikinyonyesha, anajua anatafuta nini, na mdomo wake ameufunga kwa heshima ya maiti. Maiti kasitiriwa, mimi mzima nani ananisitiri? Nikamwambia hayo. Nikamwambia, "Muosha naye ataoshwa, Mama. Siku yako atakuja mwengine, naye atafunga mdomo, na binti yangu atabaki hajui kitu kama mimi."

Mkwe aliinama akaanza kuokota makaa kwa vidole, moja moja, kama hayaunguzi.

"Na kama ni kafara," nikasema, sauti imeshanikauka, "kama kweli kalipokea lile lililokuwa linanijia mie, basi huyu ni mchukuzi wangu. Nimemtwika? Hapana, kajitwika. Wewe ukipata mchukuzi wa mzigo wako, ukamkuta kaanguka njiani analia, unamnyima maji? Unamfukizia udi, unaondoka?"

Paka alilia mle bandani. Alikuwa hajanyamaza muda wote, sisi ndio tuliokuwa hatumsikii.

Mkwe akasimama. Akaenda jikoni. Nikasikia sufuria, nikasikia kopo la chumvi. Akarudi na maji kwenye bakuli, na simu sikioni, anasema, "Bwana mifugo, hujambo. La, ng'ombe mzima. Ni yule paka. Njoo leo."

Tulimwosha pamoja. Yeye alikuwa anajua, bwana. Ile mikono mizito niliyokuwa naiogopa ilikuwa haikai mahali penye maumivu hata kidogo. Anamwaga maji kuanzia kulia, kidogo, anafuta, anamwaga. Nikamwona anafanya na nikajua kwamba ndivyo alivyofanya siku ile nyengine, na sikutaka kujua, na sikuweza kutotazama.

Bwana mifugo alikuja alasiri. Mkwe alimshika paka kichwa, sindano ikaingia. Baada ya muda paka akaacha kujilamba. Akanyoosha miguu ya mbele. Akalala usingizi ambao alikuwa hajaulala tangu kivimbe kipasuke, na hakuzinduka. Asubuhi tulimkuta hivyohivyo, mkao uleule, mgumu. Sindano ya mbuzi kwa paka mkongwe, labda ilikuwa nyingi. Bwana mifugo sikumuuliza. Mama yangu hakuipata hata hiyo.

Mimi nimeshakwenda hospitali, mkwe alinifuata hadi mlango wa chumba cha daktari. Nimebonyezwa, hakijaonekana kitu. Wamesema nirudi, nitarudi. Siwezi kusema nimemsamehe. Tunapika jiko moja.

Lakini asubuhi ile ya kufukia. Tulichimba chini ya mkarafuu, mkwe akiwa na jembe, mimi nimemshika paka ndani ya kipande cha kanga kuukuu. Binti yangu akasimama ukingoni mwa shimo.

"Kafa nini?" akauliza.

Mkwe akaacha kuchimba. Nikaona mdomo wake unajiandaa: uzee, Mungu kampenda, maradhi tu. Nikamtangulia.

"Saratani. Saratani ya ziwa. Na bibi yako, mama yangu mimi, alikufa hiyohiyo."

"Atakwenda kulisema skuli," mkwe akasema polepole.

"Na aliseme."

Hakungoja skuli. Watoto wa jirani walikuwa wanapita na mabuku yao, na binti yangu akaukimbilia ua wa makuti, akaupanda, akawapigia kelele kwa sauti yake yote, kwa ile fahari ya mtoto mwenye habari ambayo wenzake hawana: "Paka wetu kafa saratani! Na bibi yangu kafa saratani! Saratani ya ziwaaa!"

Ng'ambo ya ua kulikuwa na mtu anafagia. Ufagio ukasita.

Nikamtazama mkwe wangu, nangoja amwite mtoto, amwambie nyamaza. Alikuwa kashika jembe, kainamisha kichwa. Ufagio wa jirani haukuendelea. Mkwe akamwacha mtoto, akachota udongo, akaumwaga juu ya kanga.