Siku Nilipozima Hata Tenke

Kwa muda mrefu niliamini kwamba naijua Dilolo kuliko wanaoishi huko. Nilikaa misimu michache tu, kisha nikahama, kama nilivyohama Likasi, na Tenke, na kila mahali nilipoanza kuzoea kitanda. Lakini kila ninapohama huondoka na picha ya mahali, na picha hiyo huitunza vizuri kuliko nguo zangu. Ua wa ofisi yetu ya Dilolo, kwa mfano: mchanga mweupe, kuku wakitembea, dishi la satelaiti juu ya nguzo ya chuma karibu na ghala, na juu yake anga tupu hadi Angola. Nguzo ile niliisimika mimi. Nadhani ndiyo sababu, siku ya arusi, nilijaribu kutengeneza mtandao kwa kutumia kumbukumbu.

Mimi ni fundi wa mtandao katika nyumba moja ya usafirishaji hapa Kolwezi, komini ya Dilala. Wenyewe ni Waislamu ambao babu zao walitoka mashariki, na malori yao yanakwenda Tenke upande mmoja na Dilolo upande wa pili. Ofisi zote tatu zinaongea kwa satelaiti. Kila moja ina dishi lake na ruta yake, yaani kile kisanduku cha taa kinachoamua ujumbe upite njia gani. Visanduku vyote vikiongea, hakuna anayenikumbuka. Kimoja kikinyamaza, ninaitwa hata nikiwa kwa kinyozi, nusu ya kichwa bado.

Jumamosi ile ilinyamaza Dilolo, na aliyeumia alikuwa mzee mmoja, dereva mstaafu wa nyumba hiyo. Binti yake wa mwisho alikuwa anaolewa Dilolo na kijana wa ng'ambo ya mpaka. Mzee alikuwa ameshafunga safari, akakuta barabara imekatwa na mvua, akarudi na matope hadi kwenye kofia. Simu za huko zilipitisha sauti tu. Shehe wa Dilolo alisema sauti haitoshi, kwa sababu inaweza kuwa ya mtu yeyote: mashahidi wamwone baba kwa macho akimtoa binti yake, au baba ateue mtu amwakilishe. Kuteua mtu ni jambo la kawaida, wala si aibu. Mzee hakutaka.

"Ule mukubwa, balimuoza mi niko Kasaji, lori imekwama," aliniambia. "Wa pili, niko Lubumbashi. Batu bengine njo balitoa batoto bangu. Huyu wa mwisho, mi mwenyewe. Unasikia, teknisien? Mi mwenyewe."

"Usiogope, tata," nikamjibu. "Dilolo minaiyua."

Watu wa bwana arusi walipaswa kuvuka mpaka pamoja na bibi arusi kabla haujafungwa jioni. Picha ingeweza kupita kwenye satelaiti yetu tu, kwa hiyo kila mtu alinitazama mimi.

Sisi wa Kolwezi tulikuwa uani, kwa sababu ofisi isingetosha wageni. Watu wa malori hawakodi mahema ya arusi. Huchukua bashi, yale maturubai mazito ya kufunikia mizigo, wakafunga kamba kwenye chochote kilichosimama. Nilikaa chini ya bashi kama hilo, kompyuta magotini, waya ukipita dirishani hadi kwenye ruta, na nyuma yangu safu za wajomba wenye ushauri. Nikampigia shangazi wa bibi arusi, ambaye ndiye anayeshika ofisi ya Dilolo, nikafungua spika wote wasikie.

"Mama, angalia ruta. Taa iko namna gani?"

"Iko rangi ya majani."

"Na kale kasanduku kengine, ka satelaiti?"

"Kanapepesa nyekundu."

"Zima, ngoja kadogo, washa."

"Nimeshazima, nimeshawasha. Teknisien, dawa yako njo ile moja tu? Hata mwenye malaria utamuzima na kumuwasha?"

Wajomba wakacheka. Nami nikacheka, kwa sauti ya mtu anayejua dawa nyingine. Nikauliza kama mvua ni kubwa, maana mvua kubwa huiziba satelaiti. Akasema ni manyunyu tu. Swali lililofuata lilipaswa kuwa kama kuna kitu kimelifunika dishi. Hilo ni swali la kwanza kabisa, hata anayeanza kazi leo asubuhi analiuliza. Mimi sikuuliza. Kwa nini niulize, wakati nililiona dishi lenyewe kichwani mwangu, na nguzo, na kuku, na anga tupu?

Basi nikaamua kosa liko upande wetu, kwenye njia za ruta ya Kolwezi. Nikaanza kuandika amri. Mtu akitazamwa na wajomba huandika haraka. Nilikusudia kuifuta njia ya Dilolo na kuiandika upya. Nikaifuta ya Tenke.

Simu ikalia papo hapo. Alikuwa mkuu wa bohari ya Tenke, mtu ambaye hajawahi kunipigia kunisalimu.

"Teknisien! Na siye umetuzima?"

"Nisamehe, chef. Ni ju ya arusi."

"Arusi iko Dilolo! Huku Tenke nani anaoa?"

Nikanyanyuka, nikaingia ofisini, nikaichomoa ruta kwenye umeme. Kwa kuwa sikuwa nimehifadhi upuuzi nilioandika, iliporudi ilikumbuka njia zake za zamani, na Tenke ikarudi. Nilitoka nje nikipangusa jasho kama niliyebeba gunia.

"Umetengeneza?" mzee akauliza.

"Nimetengeneza Tenke, tata."

"Tenke ilikuwa imeharibika?"

"Ilikuwa haijaharibika."

Mzee alikiweka sawa kitambaa alichopanga kukivaa begani, akakikunja, akakikunjua. Ningependelea anitukane. Mjomba mmoja akaanza kutaja, kwa upole, jina la ndugu aliyeko Dilolo ambaye angefaa kumwakilisha, na mzee akageuza uso upande wa ukuta.

Shangazi akapiga tena. Safari hii alikuwa akipaza sauti, na nyuma yake kulikuwa na kishindo kama cha mahindi yanayomwagwa juu ya bati.

"Wakwe banauliza tungoje mupaka wakati gani!"

"Mama, ju ya nini unapiga kelele nguvu hivi?"

"Sipigi kelele! Ni mvua inapiga!"

"Ulisema ni manyunyu."

"Ni manyunyu, lakini iko juu ya bashi!"

"Bashi gani, mama?"

"Bashi ya arusi! Tumefunga kamba ku ile nguzo yako, ni nguvu sana."

"Na dishi iko wapi?"

"Iko huku chini na siye," akasema, tena kwa fahari. "Tumeifunika muzuri, isinyeshewe."

Nikainua macho. Juu ya kichwa changu bashi letu lilikuwa limetanda, na kamba zake zimefungwa kwenye nguzo ya taa. Nilikuwa nimekaa chini yake tangu asubuhi nikitafuta kilichoifunika Dilolo. Nimehudhuria arusi za nyumba hiyo nyingi, na sijawahi kuona hata moja isiyofungwa bashi kwenye nguzo iliyo karibu. Lakini Dilolo yangu ya kichwani haikuwa na arusi. Ilikuwa na kuku tu.

Nikamweleza shangazi kwamba satelaiti iko mbinguni, na dishi lazima lione mbingu. Akaguna.

"Tukiifungua, batu bote batalowana. Na pilau!"

Mzee akanipokonya simu.

"Dada, fungua ile bashi."

"Kaka, wageni bamevaa manguo ya arusi!"

"Balowane. Mi nimelowana ku ile barabara maisha yote ju ya mizigo ya batu. Leo balowane kadogo ju ya mutoto wangu."

Tukasikia makelele, kiti kikianguka, mtu akimwita mtu ashike sufuria. Kisha taa ya Dilolo kwenye kompyuta yangu ikageuka kuwa ya kijani bila mimi kugusa kitu, na picha ikaja: wanaume wamejitwika viti vya plastiki kichwani, shehe chini ya sinia, na katikati yao bibi arusi, akishikiliwa kitenge juu ya kichwa na wanawake wawili.

Mzee akasimama, akavaa kitambaa chake begani. Akalitaja jina la binti yake lote, polepole, na maneno ya kumtoa. Mashahidi wakaitikia kwa vichwa, maji yakiwatiririka. Kijana akajibu kwamba amekubali.

Uso wa shangazi ukajaa kwenye kioo. "Teknisien, tumemaliza? Turudishe bashi?"

Nikamtazama mzee.

"Ngoja," akasema. "Ainue uso kwanza."

Binti akainua uso. Wakatazamana, mmoja mkavu, mmoja ameloa.

"Bashi irudi sasa," mzee akasema. "Atashikwa na homa."

Picha ikakatika. Simu yangu ikalia, na nikajua ni nani kabla sijaitazama.

"Teknisien, huku minaona Dilolo imezimika tena," akasema mkuu wa Tenke. "Ni weye?"

"Hapana, chef," nikamjibu. "Leo njo siye bote."