Mvua ya Dakawa Ndani ya Hedifoni

Mwenye duka la vifaa vya kompyuta aliniletea hedifoni zile Jumapili mchana, zikiwa bado kwenye boksi. "Dada, nijaribie hizi, uniambie ukweli," akasema. "Vijana wa gemu wananiuliza kama zinafaa, na mimi sina la kuwajibu." Huniletea kwa sababu mimi ni fundi mitambo wa kituo cha redio, na zaidi kwa sababu sina dogo. Kitu kikiwa kibovu nakisema ubovu wake hata mbele ya mteja.

Zilikuwa za wale wanaopenda kusikiliza muziki kwa utulivu, zenye matundu upande wa nje, na maiki ndogo ya kuchomeka. Matundu yale hayazuii kelele. Nilizivaa nikaendelea kumsikia jirani akitwanga kisamvu na majogoo wakibishana. Nikaandika kwenye daftari: hazifai nyumba yenye watu wengi. Besi ya wastani. Lakini sauti ndogondogo zote zilisikika, kila moja mahali pake, na kwenye gemu hilo ndilo linalotakiwa, ujue adui anatokea upande gani.

Kujaribu hedifoni kunataka sauti unayoifahamu vizuri. Mimi natumia rekodi za mdogo wangu.

Nilimlea tangu mama yetu alipofariki, yeye akiwa darasa la pili. Alipoacha chuo pale Mazimbu akaenda kulima mpunga Dakawa, nilimtolea uvivu, na maneno mengine niliyosema sitayarudia hapa. Yeye ndiye aliyenifundisha gemu la vita, mtu mzima mimi, nikimbie porini na bunduki, ili tupate pa kuongea. Kila tulipounganishwa, kabla ya lolote: "Shikamoo dada." Namjibu marahaba, ndipo risasi zinaanza. Kompyuta yangu ilirekodi kila mchezo ili baadaye anionyeshe nilipokosea, na nilikosea sana.

Rekodi ya mwisho sikuwa nimeigusa tangu mazishi yake. Siku ya mchezo huo, wiki mbili baada ya ugomvi wetu wa chuo, alijiunga mwenyewe. Nilikaa nikisubiri shikamoo yangu. Kwenye hedifoni zangu za zamani nilisikia mvua tu ikipiga bati, kisha, "Dada, upo? Tuanze." Nikasema moyoni, ahaa, sasa ameota pembe. Nikamkaukia. Nilicheza nikitoa maneno ya lazima tu, kulia, kushoto, rudi nyuma, halafu nikasema nimechoka, nikazima. Siku ya nne baada ya hapo pikipiki aliyopanda ilianguka barabara ya Dodoma. Hatukuwa tumeongea tena.

Nikaifungua rekodi hiyo. Nilijidanganya kwamba ni kazi, kwamba mvua ni kipimo kizuri cha hedifoni.

Mvua ilikuwa ile ile. Chini yake palikuwa na sauti ya mtu aliyekaa mbali na maiki. "Shikamoo dada." Nilirudisha nyuma nikasikiliza upya. Ilikuwepo. Kikafuata kimya, kisha tena, kwa sauti ya uoga: "Shikamoo dada." Akashusha pumzi. Halafu akasogea karibu, akasema yale niliyoyasikia siku ile.

Kwetu mtu akikuamkia ukanyamaza, umemwambia humtaki. Mdogo wangu aliniamkia mara mbili, akasubiri marahaba mara mbili, hakuipata, na bado akacheza na mimi mchezo mzima. Alikufa akijua nimemnyima. Hakuna wa kumweleza kwamba ilikuwa mvua, na masikio haya ninayoringia.

Nililia kwa sauti hadi jirani akaacha kutwanga. "Jirani, kuna nini huko?" akauliza kutoka uani.

"Najaribu hedifoni," nikamjibu.

Ilibaki maiki. Siku zote kwenye kujaribu maiki husema moja, mbili, tatu. Nikabonyeza kurekodi, nikaisogeza karibu na mdomo, nikasema, "Marahaba, mdogo wangu." Kisha nikajisikiliza. Nje mvua ya milima ya Uluguru ilikuwa imeanza kudondoka, lakini neno langu lilitoka lote, bila mkwaruzo.

Nikamwandikia mwenye duka: maiki ni nzuri, haipotezi neno.