Uchaguzi wa Harambee

Katika miaka ile ya chama kimoja, sheria ya uchaguzi wa madiwani ilieleza wazi kile ambacho Serikali ilipaswa kugharimia katika kila kituo: sanduku la chuma lenye kufuli, lakiri ya kuzibia tundu lake baada ya kura ya mwisho, askari wawili, na gari la Serikali la kulipeleka sanduku, pamoja na msimamizi wake, hadi ukumbi wa kuhesabia mjini Meru. Naikumbuka orodha hiyo kwa sababu niliinakili kwa mkono wangu. Nilikuwa mwalimu huko Kaaga, karibu na mji wa Meru, nami niliteuliwa kusimamia kituo cha shule ya msingi iliyo juu ya mji wa Maua, nyumbani kwetu.

Kilichofika ni sanduku, wino na askari mmoja aliyekuja kwa miguu. Ofisa wa tarafa alitueleza barazani kwamba fungu la uchaguzi lilikuwa limekwisha. Limekwishia wapi, hakusema, wala hakuna aliyemuuliza.

“Shule mmejenga kwa Harambee,” alisema. “Zahanati mmejenga kwa Harambee. Uchaguzi ndio utawashinda?”

Watu walipiga makofi. Nami nilipiga. Kwetu mtu anayetoa hashukiwi. Hushangiliwa, na jina lake husomwa. Kanisa lilitoa meza. Akina mama walipika gundi ya unga wa ngano iwe badala ya lakiri. Diwani aliyekuwa akitetea kiti chake, mfanyabiashara wa miraa, alitoa pikapu na dereva wake, na mwalimu mkuu akamshukuru mbele ya foleni ya wapiga kura.

Mpinzani wake alikuwa mkunga mstaafu aliyewazalisha wengi wa wanawake waliosimama katika foleni hiyo. Aliomba kura kwa jambo moja tu: zahanati yetu haikuwa na maji, na wajawazito waliagizwa waje na mitungi yao.

“Mwalimu,” aliniuliza alipokwisha kupiga kura, “hili sanduku litapanda gari la nani?”

“La Harambee, mama.”

“Harambee tangu lini ikaajiri dereva?”

Wanawake walicheka. Nikamwahidi kwamba nitaandamana nalo mwenyewe.

“Haya,” akasema. “Ukisinzia njiani, usilikumbatie sana. Litakupaka wino.”

Jioni tulilifunga sanduku. Niliziba tundu kwa karatasi na ile gundi, nikatia sahihi juu yake. Pikapu ilipofika, nyuma ilikuwa imekwisha kupakiwa meza za kanisa, na mbele palikuwa na nafasi ya mtu mmoja kando ya dereva. Askari akaingia na sanduku mapajani.

“Mwalimu, wewe panda basi,” dereva alisema. “Ama unataka tuziteremshe meza za Mungu?”

Sheria iliniamuru nisiliache sanduku. Niliona haya kubishana na aliyejitolea, nikaliacha. Haya hiyo sijaisamehe mpaka leo.

Nilifika Meru usiku uleule. Sanduku halikuwako. Gari lile, ambalo kila siku hukimbiza miraa likafika Nairobi kabla ya mapambazuko, lilitoka Maua jioni likaingia Meru asubuhi ya siku iliyofuata, na dereva akadai pancha. Askari alitazama viatu vyake. Juu ya tundu hapakuwa na karatasi yangu wala gundi. Palikuwa na lakiri nyekundu, nzuri, iliyopigwa muhuri. Serikali iliyokosa lakiri ya kutupa kituoni ilikuwa imeipata njiani.

Nilimwonyesha msimamizi mkuu.

“Mwalimu,” alisema, “masanduku mengine yamekuja yamezibwa kwa uji. Wewe unashtaki kwamba lako limefungwa vizuri?”

Makarani walicheka. Niliandika malalamiko kurasa mbili, nikitaja vifungu vya sheria kimoja kimoja. Aliyapokea kwa adabu, akayaweka chini ya birika la chai.

Sanduku lilifunguliwa na kuhesabiwa kama mengine. Katika kituo changu mkunga alipewa kura chache kuliko idadi ya watu wazima wa boma lake, ambao niliwapaka wino vidoleni mwenyewe. Diwani alirudi kitini, na kwa muhula wote uliofuata wajawazito waliendelea kwenda zahanati na mitungi.