Kopo la Dagaa Linaloitwa Eksi

Shule niliiacha darasa la tatu, kwa hiyo mnisamehe, sikujua kopo la dagaa linaitwa eksi. Miaka yote ninayouza hapa sokoni Manyamanyama nilikuwa naliitaga kopo.

Mjukuu wangu wa kike yuko kidato cha pili, na kwa hesabu hakuna wa kumfikia. Akili kaichukua upande wangu, hilo halina ubishi. Mwalimu wake akatangaza jaribio: watakaofaulu wataenda Musoma kushindana na shule nyingine. Binti akawa haongei kingine. Jioni moja akanisomea swali la mazoezi. Mama kanunua makopo matano ya dagaa na mawili ya mchele, jumla shilingi elfu tisa. Kopo la mchele ni mara mbili ya bei ya kopo la dagaa. Je, taarifa zinatosha kupata bei ya kopo moja la dagaa? Hilo kopo, akasema, kwenye hesabu tunaliita eksi, maana bei yake bado haijulikani.

Nikamwambia hazitoshi. Kopo lilijazwa kwa kilima au lilipanguswa? Na nyongeza ya bure alipewa kiasi gani? Mtu anunue makopo matano aondoke bila nyongeza, huyo mama katokea Ulaya? Akacheka, lakini likamwingia. Kwenye jaribio likaja swali la namna hiyohiyo, akaandika: hazitoshi, nyongeza haijatajwa. Jina lake likaachwa kwenye orodha ya Musoma.

Alirudi macho mekundu, chakula hataki. Kesho yake nikafunga kitenge kizuri, nikaenda shuleni. Mwalimu huyo ni mteja wangu, na kwa kudai nyongeza anawashinda wanawake wote wa Bunda. Kumbe ofisini ni mtu mwingine, nyongeza hajawahi kuisikia.

“Bibi, kwenye swali tunachukua kilichoandikwa tu. Makopo yote yako sawa.”

“Basi mngeandika hivyo, mwalimu. Mtoto kaulizwa kama habari zinatosha, kajibu, na sababu katoa. Mlitaka abuni?”

Akashusha pumzi, akamwita binti, akamwandikia ubaoni swali jingine, la sabuni na mafuta ya kula. Binti akanitazama. Nikageukia dirishani, nikafunga mdomo, kazi ngumu kuliko zote nilizofanya mwaka huu. Akaandika: zinatosha. Kisha akaitafuta na bei yenyewe, akaipata.

Jina likaingizwa. Siku ya safari nilimsindikiza stendi, nikawaeleza makondakta, ambao hawakuniuliza, kwamba huyu anakwenda Musoma kwa ajili ya hesabu. Akaniomba ninyamaze. Nikahamia kwa abiria.