Jiwe la Mama la Kusagia

Mama alitoka kambi ya wakimbizi Kigoma akaacha masufuria, akaacha mpaka godoro, lakini jiwe lake la kusagia alilifunga kwenye kitenge akaja nalo Louisville. Tulimcheka sana. Hapa mtaani Beechmont, ghorofani, alikuwa anasaga ulezi sakafuni jikoni, jirani wa chini anagonga dari kwa ufagio, na mama anaendelea tu. Mkono wake ulikuwa umelila lile jiwe katikati mpaka likabonyea kama bakuli.

Alipofariki nikasema hilo ndilo litakalokaa juu ya kaburi lake. Hapo ndipo vita vilipoanza.

Kaka yangu, mkubwa wetu, anaishi Buffalo. "Watu watasema tumeshindwa kumnunulia mama jiwe la maana!" akanifokea kwenye simu. Alitaka jeusi la kung'aa, lenye picha. Binti yangu akanitafutia mtandaoni kaburi la Wakristo wa zamani mno huko Ayalandi: walichukua jiwe la kusagia lililokwisha kazi, wakalichonga msalaba na jina la marehemu. Nikamtumia kaka upesi. Akajibu, "Hao walikosa jingine." Jamani, nilitamani niingie ndani ya simu nimzabe kofi, mkubwa au si mkubwa! Na dada yetu wa Columbus, yeye kila nikimpigia ni "mtakavyoamua ninyi." Hiyo ilinikera kuliko matusi.

Mwishowe nikalipakia jiwe kwenye gari nikaenda peke yangu makaburini. Msimamizi akalipapasa, akatikisa kichwa. Pale katikati patatuama maji, akasema, na mashine ya kukatia majani lazima ipite juu bila kukwama. Labda nililaze kifudifudi, upande bapa uwe juu, jina liandikwe hapo.

Kifudifudi! Yaani lile bonde alilolichimba mama kwa mkono wake akitulisha, ndilo likatazame udongo? Nilimwitikia kwa adabu, lakini ndani nilikuwa nachemka. Nilikaa garini nikawapigia kaka na dada kwa pamoja, nikawamwagia yote.

"Hamkunisaidia hata kidogo, na sasa wanataka kumficha mama!"

Dada akaanza na "mtakavyoamua" yake. Kaka akaniacha niseme mpaka pumzi zikaniishia.

"We, tulia kwanza," akasema. "Mama akimaliza kusaga, jiwe alikuwa analiwekaje?"

Nilimwona kabisa: anapangusa unga kwa kiganja, analigeuza, analiegemea kidogo anyooshe mgongo. Kule kambini ilikuwa kuku wasilichafue. Beechmont hakuna kuku, na bado aliligeuza kila siku. Likishageuzwa, hata ulie njaa, hasagi tena.

"Kifudifudi," nikasema.

"Basi liweke hivyohivyo." Kisha akaongeza, "Mama amemaliza."

Tukalia wote watatu, kila mtu na mji wake.