Mwanafunzi Aliyezaliwa Kabla ya Uhuru

Karo yangu ya chuo ililipwa kwa ndengu, na malipo yalianza nikiwa darasa la pili. Wengine waliwekewa fedha benki, wengine walitengewa ng'ombe. Mimi niliwekewa magunia. Aliyeniwekea ni susu, mama yake baba, mkulima wa Kasikeu ambaye mpaka leo akikushika mkono unajua umeshikwa.

Chuo chenyewe ni cha ufundi, kiko upande wa Makindu. Wakati ule kilikuwa kichanga: madarasa mawili, jiko moja, na wanafunzi wa bweni waliokula kuliko walivyolipa. Jumapili moja mkuu wa chuo alikuja kanisani kwetu na wazo. Mzazi akileta magunia mawili ya ndengu leo, mtoto wake atakuwa amelipiwa muhula mmoja, hata kama bado ananyonya. Karo ikipanda baadaye, hiyo ni shauri ya chuo. Kozi mtoto atajichagulia mwenyewe siku atakayofika.

Watu walicheka mpaka mchungaji akakohoa. Nani hulipia leo darasa la miaka kumi ijayo? Susu hakucheka. Alijua kwamba kila mavuno bei huanguka siku ileile ndengu zinapokauka, na kwamba madalali huja na mizani yao wenyewe.

"Heri ziliwe na wanafunzi kuliko ziliwe na wadudu," aliwaambia wenzake wa kwaya, na msimu huohuo akapeleka magunia mawili.

Misimu mingine mvua ya Novemba ilitusahau, na hakupeleka kitu. Misimu mingine ilikuja kwa fujo, shamba likawa kijani mpaka kwenye uzio. Hapo tulivuna, tukatandaza turubai uani na kuzipiga kwa fimbo, nami nikapewa fimbo fupi ya kimo changu. Ndengu ziliruka na kututwanga miguuni kama mvua inayonyesha kutoka chini kwenda juu. Ilimchukua susu miaka saba kutimiza mihula minne, kozi nzima. Alipotoka kupeleka magunia ya mwisho alilala mchana kutwa, jambo ambalo sikuwahi kuliona.

Sasa lazima nieleze jambo la majina, maana hapo ndipo mambo yalipoharibika. Kwetu Ukambani msichana wa kwanza hupewa jina la mama wa baba. Si ukumbusho tu. Watu humchukulia kama yule mwenyewe aliyeanza upya. Baba aliniita "mwaitu", mama yangu, na hakuthubutu kunichapa. Mama naye alipotaka kunikemea alinikemea bila kunitaja, kwa sababu kupaza jina lile kwa hasira ni kumkemea mama mkwe. Na baba, kwa upendo mwingi, alinipa hata jina la ubatizo la susu, kisha la tatu likawa la babu, ambalo susu pia analitumia. Majina yote matatu, kwa mpangilio uleule.

Nilipotimiza miaka kumi na minane nilifunga sanduku langu na kwenda kuripoti. Nilikuwa nimechagua umeme wa jua, kwa kuwa kama kuna kitu Makueni hatujawahi kukosa, ni jua. Karani wa usajili, mama mmoja mwenye sweta ya zambarau, alipokea fomu, akaandika kwenye kompyuta, akatazama kioo, akanitazama, akakitazama tena.

"Wewe ulizaliwa kabla ya Uhuru?"

"Hapana, madam."

"Umejitunza sana basi. Hapa mwanafunzi ana wajukuu."

Tuligundua pamoja, yeye akicheka na mimi nikiloa jasho. Siku ya kujaza fomu susu aliulizwa jina la mwanafunzi, akataja jina. Akaulizwa namba ya kitambulisho. Mtoto wa darasa la pili hana kitambulisho, kwa hiyo akatoa chake. Hakuona kosa lolote. Jina ni moja, mtu ni mmoja. Kwa miaka kumi chuo kilikuwa kikimngojea susu.

"Basi badilisha, uniandike mimi," nilisema.

"Siwezi, dada. Watu waliwahi kuuziana nafasi hizi. Kanuni inasema aliyeandikishwa aripoti mwenyewe, ahudhurie darasa walau siku moja, ndipo ampe jamaa yake mihula iliyobaki. Na usajili unafungwa Ijumaa."

"Asipokuja?"

"Nafasi inafutwa. Ndengu zinahesabiwa sadaka."

Ilikuwa Jumatano. Nyumbani hakukuwa na pesa za karo, kwa sababu tangu zamani kila mtu alijua mimi nimeshalipiwa. Pesa zilizokuwepo zilikwenda kwa kaka zangu. Nisipoingia kwa nafasi ile, singeingia kabisa. Nilikaa kwenye sanduku langu nje ya ofisi nikampigia susu.

"Kwani nimeitwa shule?" aliuliza.

"Ndiyo, susu. Kabla ya Ijumaa."

"Nivae nini?"

Siku ya pili asubuhi nilimngojea mjini, nikapata chai na chapati kwenye hekalu la Masingasinga, ambapo msafiri halipi kitu wala haulizwi anatoka wapi. Alifika saa nne, amevaa gauni lake la kanisa na viatu vya raba vya baba, mkononi daftari jipya. Hakutaka chai. Alisema hawezi kuchelewa siku ya kwanza.

Karani alimpokea kwa mikono miwili. "Karibu, susu. Kaa hapa nikupige picha."

"Nicheke au nisicheke?"

"Usicheke."

Alicheka. Picha ile ipo mpaka leo.

Darasani tulikuwa vijana kama ishirini na susu. Nilikaa nyuma nikiomba siku iishe. Mwalimu wa umeme wa jua alikuwa ametundika paneli ubaoni akieleza inavyokula jua na kulishusha kwenye betri. Susu akainua mkono.

"Mwalimu, mimi nina paneli. Taa huzima kabla sijamaliza kula. Fundi wa Mbumbuni ameniuzia betri tatu."

"Paneli unaiosha, mama?"

"Paneli huoshwa?"

Darasa likaangua kicheko, kisha kikafifia, kwa sababu kila mmoja alikuwa anaifikiria paneli ya kwao. Vumbi letu jekundu hamna asiyelijua. Mwalimu alieleza kuhusu maji safi na kitambaa laini, kuhusu kuiinamisha upande wa kaskazini kidogo, kuhusu kivuli kidogo kinachoweza kuinyima nyumba nzima mwanga. Susu aliandika polepole, ulimi nje kidogo. Alikuwa ameishia darasa la nne. Nilimtazama kisogo chake kilichoinama juu ya daftari, nikaona haya kwa kuwa nilikuwa nimekaa nyuma. Nikasogeza kiti.

Ijumaa mchana tuliingia ofisini kutia saini. Mkuu wa chuo alikuwepo, nywele zimekuwa nyeupe tangu Jumapili ile ya kanisani. Karani alisukuma karatasi na kalamu mbele ya susu. Susu alishika kalamu, kisha akaiweka chini.

"Mihula ni mingapi?"

"Minne, mama," mkuu alisema.

"Mpeni huyu mitatu."

Nilidhani sikusikia vizuri. "Susu, kozi ni mihula minne!"

"Najua. Nililipa mimi."

"Sasa huo mmoja?"

"Wangu. Yule fundi amenila betri tatu na bado nataka kumjibu. Mwalimu amesema wiki ijayo tutafungua betri tuone ndani."

"Na mimi wa nne nitautoa wapi?"

"Wa nne ni mwaka ujao. Unao mwaka mzima wa kuutafuta, na una miguu. Mimi nilitafuta minne kwa jembe, mvua ikitaka na isipotaka."

Mkuu wa chuo alifungua kitabu cha kanuni, akakifunga, akakifungua. Hakuna aliyewahi kuandika kwamba bibi hawezi kubaki. Karani alikuwa amejifunika uso kwa sweta, mabega yakitetemeka. Mimi nilikuwa na hasira ya kweli, hasira ya mtu aliyekatiwa mkate mbele ya macho yake. Nilitoka nje nikatembea mpaka kwenye matangi ya maji. Nilipofika huko nilihesabu tena, nikagundua kwamba juzi sikuwa na muhula hata mmoja, na sasa nilikuwa na mitatu. Nilirudi nikatia saini chini ya saini yake. Majina yetu yalikaa pale mawili, sawasawa, moja kwa mwandiko wa darasa la nne.

Basi tulisoma pamoja muhula ule. Wakati wa kuita majina tuliitika wote wawili, mpaka mwalimu akaamua mmoja awe Mkubwa na mwingine Mdogo. Bwenini wasichana walimpa kitanda cha chini, naye akawapa amri ya kulala mapema. Alifeli mtihani wa michoro, akapita wa vitendo, akarudi Kasikeu na spana yake mwenyewe. Fundi wa Mbumbuni hakuonekana tena upande wetu.

Muhula wa nne niliutafuta juu ya mabati. Likizo zote nilizunguka nyumba hadi nyumba kuosha paneli, kuziinamisha, kubadilisha nyaya zilizotafunwa na panya, na kila shilingi nikaipeleka chuoni mwenyewe. Leo naandika riwaya, na riwaya inapokataa kulipa kodi, bado napanda mabati. Likizo zile susu ndiye aliyekuwa akinishikia ngazi. Siku moja mwenye nyumba, mama mmoja mnene mwenye wasiwasi na paneli yake mpya, alisimama uani akinitazama huko juu, kisha akamgeukia susu.

"Huyu mtoto anajua kweli anachofanya?"

"Anajua," susu alisema, mguu wake juu ya daraja la chini la ngazi. "Tulisoma pamoja."