Injinia na Kompyuta Iliyoikataa Kadi

Wateja wa kinyozi huyu ndio waliombandika jina la Injinia, na hawakumaanisha sifa. Aliwahi kufungua pasi ya jirani aisafishe, akairudisha inang'aa, ila haikupata moto tena. Skrubu mbili zilimbakia mkononi. "Hizi zilikuwa za ziada," akasema, akaziweka rafuni bila aibu.

Duka lake limegawanywa na pazia. Huku ananyoa yeye, kule anasuka mkewe, mwenye vidole vyepesi na ulimi mwepesi zaidi. Kwenye kona ya Injinia inakaa kompyuta kuukuu ya kuonyeshea mitindo: mteja anachagua kichwa anachokitaka kwenye skrini, kisha Injinia anamnyoa kile anachokiweza.

Lakini Jumamosi hiyo kompyuta ilikuwa na kazi nyingine. Binti yao wa pekee alikuwa anahitimu uuguzi katika chuo cha mbali, na mchana jina lake lingeitwa jukwaani. Kila mhitimu alipewa kiti kimoja cha mgeni, na cha binti huyu, bibi yake alishakikalia hata kabla hakijatolewa. Alilia mpaka wote wakanyoosha mikono. Waliobaki wangetazama kwa mtandao. Simu ya mkewe msusi ilikuwa na kioo kilichopasuka, nusu giza tupu, na ya Injinia ilikuwa ya vitufe tu. Kwa hiyo Injinia alikuwa amemwahidi binti yake, "Nitakuona kwenye skrini kubwa, mama. Naapa."

Asubuhi akaijaribu programu ya chuo. Ikamwambia mfumo wa kompyuta yake umepitwa na wakati, aweke mpya. Akaupakua mpya. Nao ukaanza vizuri, ukafika njiani ukagoma: kadi ya picha iliyomo ndani haiendani na mfumo huu.

"Kadi ya picha ndiyo nini?" aliuliza mlinzi wa shule, aliyekuwa kitini na shuka shingoni, upande mmoja wa kichwa umenyolewa, wa pili bado kichaka.

"Ni kibao cha kupeleka picha kwenye skrini," alijibu Injinia kwa sauti ya mtaalamu, ingawa jambo hilo alikuwa amelisoma muda huohuo.

"Sasa kimegombana na mfumo. Unafanyaje?"

"Mashine ya kunyolea ikiwa na kichana kisichofaa, mtu anafanyaje?"

"Mimi mlinzi, ndugu yangu."

"Anakitoa!"

Akaizima kompyuta, akachomoa waya wa umeme, akaifungua ubavu. Nywele za wateja wa miaka na miaka zikamwagika sakafuni.

Msusi akachungulia pembeni mwa pazia. "Baba watoto, humo ndani kulikuwa na mtu?"

Injinia akazisukuma nywele kwa mguu chini ya kiti. Akaing'oa kadi, akaipuliza, akailaza rafuni, jirani na zile skrubu za pasi. Akafunga, akawasha. Feni ikanguruma, taa ikawaka, skrini ikabaki nyeusi tii. Waya wa skrini ulikuwa unaning'inia hewani, maana tundu lake lilikuwa kwenye kadi ileile aliyoitoa. Hilo hakuliwaza hata kidogo.

Akashika tama.

"Nimemwapia mtoto," Injinia akanong'ona.

Msusi hakucheka. Alipita pazia, akapiga magoti nyuma ya kompyuta, akaanza kukwangua nywele kwa ncha ya kitana chake. "Na hili tundu jingine la nini? Limezibwa na kifuniko cha plastiki."

Kumbe kompyuta ilizaliwa na njia yake yenyewe ya kutoa picha, dhaifu kidogo, ikasahauliwa siku kadi ilipowekwa. Msusi akabandua kifuniko, akachomeka waya. Skrini ikawaka!

"Nilikuwa nakaribia kuliona," alisema Injinia.

"Ndiyo, injinia wangu. Ulikuwa njiani."

Safari hii mfumo mpya ulikubali. Injinia akaganda mbele ya skrini akihesabu asilimia, mashine ya kunyolea mkononi imezimwa.

"Na upande wangu wa pili una asilimia ngapi?" aliuliza mlinzi.

"Subira, bwana, kichwa hakikimbii."

Mfumo ulipomaliza, kila kitu kilikuwa kimevutwa kwa upana. Vijana wa kwenye picha za mitindo walikuwa na vichwa kama maboga. Injinia alibonyeza huku na kule kurekebisha, wapi! Kompyuta ilijua upana huo tu. Akaacha, kwa sababu chuo kilikuwa kimeanza kuita majina.

Binti yao alipopanda jukwaani, picha ilikuwa inakwama na kuruka, joho limetanuka kama hema. Injinia akasimama wima. Msusi akapiga kigelegele hadi mlinzi akaziba masikio, kisha naye akapiga makofi, shuka bado shingoni.

Baadaye simu ya msusi ikalia.

"Baba, umeniona?"

"Nimekuona, mama." Akasogea kwenye kiti cha mlinzi. "Umenenepa!"

"Baba! Mitihani imenimaliza, nimebaki mifupa!"

"Basi huku tumekuona zaidi ya ulivyo," Injinia akasema huku akifuta macho kwa shuka la mlinzi, ambaye bado alikuwa amelivaa.